Tandiko la Pikapu

Mzee Gia alipiga magoti katikati ya duka la vifaa vya magari, akakunja ngumi na kuligonga zulia la mpira lililokuwa limekunjuliwa sakafuni. Akagonga tena, safari hii kwa kiwiko. Kisha akageuka upande, akalibonyeza kwa mfupa wa nyonga kama mtu anayetaka kukaa halafu akaghairi. Wateja wawili waliokuwa wakiulizia taa za breki wakatazamana.

"Baba, hilo ni la kutandika kwenye pikapu," mwenye duka alimwambia. Alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. "Halina springi. Ukitaka godoro, nenda duka la pili."

"Najua la nini. Nauliza, linameza?"

"Linameza nini?"

"Mshindo."

"Linasaidia. Keni zako za maziwa hazitapiga kelele njia nzima."

"Sikuuliza habari ya keni," alisema Mzee Gia, akainuka huku ameshika kiuno.

Jina la Gia alipewa na madereva wenzake, kwa ile tabia yake ya kuibembeleza gia kwa maneno matamu kila gari lilipoanza kupanda mlima. Marehemu mkewe alikuwa akimtania kwamba hiyo gia ameiambia mambo ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuyasikia. Siku hizi gia nayo haiambiwi kitu. Anaiingiza tu, inaitika kwa kukwaruza, wanakwenda.

Kazi yake ilikuwa kubeba maziwa. Kila asubuhi alipita kwa wafugaji, akapakia keni za chuma kwenye bodi ya nyuma ya pikapu, akazifunga kamba, akazipeleka kwenye kituo cha maziwa karibu na barabara ya lami. Ndiyo kazi pekee iliyokuwa imebaki mikononi mwake, na sasa ilikuwa imewekewa sharti. Kituo kilibandika tangazo mlangoni: ifikapo mwisho wa mwezi, pikapu ambayo sakafu ya bodi yake ni chuma kitupu haitapakia tena. Keni zinabonyea, tangazo lilisema, na kutu inaingia kwenye maziwa. Bwana Afya wa kituo aliwakusanya madereva akawasomea kwa sauti, kama vile hakuna hata mmoja anayejua kusoma. Mzee Gia anajua kusoma, ila polepole. Shule aliiacha kabla haijamzoea.

Kilichomkaa rohoni si sharti lenyewe. Kilichomkaa rohoni ni kwamba maziwa yamepata watetezi. Watu wenye tai walikaa mezani, wakaletewa chai, wakajadili kwa huruma jinsi keni zinavyoumia kwenye mashimo ya barabara. Walijua mashimo yapo. Kumbe walikuwa wakijua siku zote. Mwaka uliopita, mkewe alipopinda kwa maumivu ya tumbo na zahanati ikasema apelekwe hospitali kubwa upesi, gari la wagonjwa halikuwepo. Lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano wa mheshimiwa, na huyo mheshimiwa alikuwa amekuja kuzindua barabara. Ile ile barabara. Kila uchaguzi inazinduliwa, utepe unakatwa, watu wanapiga makofi, halafu katapila linarudi lilikotoka.

Basi alimpakia mkewe kwenye pikapu, nyuma, kwa sababu mbele hakuweza kukaa wala kujinyoosha. Walimtandikia sponji lililokuwa limelaliwa miaka mpaka likawa jembamba kama kanga iliyokunjwa. Shemeji yake, dada wa mkewe, alikaa nyuma akampakata kichwa. Yeye akashika usukani. Hawakuifikia lami. Na siku za matanga, shemeji yule alimwambia neno moja ambalo labda angelinyamazia. "Shemeji, tumbo hakulitaja tena. Alikuwa akilalamikia chuma. Chuma kinaniumiza, anasema, chuma kinaniumiza, mpaka akanyamaza."

Ndiyo maana alikuwa amepiga magoti dukani.

Mama mwenye duka alimwonyesha na beseni la plastiki, jeusi, limefinyangwa kwa umbo la bodi nzima pamoja na kuta zake. Lilikuwa limesimamishwa ukutani kama mtumbwi uliokosa maji. "Hili wanapenda wenye magari mapya," alisema. "Ila sikufichi, linatobolewa matundu ya skrubu, na maji yakishaingia chini hayatoki. Utakuja kulivua siku moja ukute gari limeliwa na kutu."

"Linafanana na serikali," alisema Mzee Gia.

Mama akacheka, akatazama mlangoni, akaacha kucheka.

Alitoka pale bila kununua, akaenda kwa fundi wa kupuliza. Huyu alikuwa na karakana nyuma ya kituo cha mafuta, uwanja umejaa makopo na vumbi la rangi. Pikapu ya Kibiriti ilikuwa ndani, madirisha yamezibwa kwa magazeti. Kibiriti alikuwa dereva mwenzake wa maziwa, mdogo kwake kwa umri, mwembamba, kichwa chekundu kwa ile kofia yake ya sufi asiyoivua jua wala mvua. Alikuwa amekaa juu ya tairi akila karanga.

"Shikamoo, Mzee Gia. Umekuja kutubu?"

"Marahaba. Nimekuja kuona unavyoibiwa."

Fundi alizima mashine ya kusagia, akavua kitambaa puani. Alieleza kwamba kwanza anakwangua sakafu mpaka chuma kiwe cheupe, anakisafisha, ndipo anapuliza dawa ya mpira. Ikikauka inang'ang'ana na chuma, haibanduki, maziwa yakimwagika unapiga maji tu. Akamvuta kwenye ubao uliokuwa umeshapuliziwa ili aguse. Mzee Gia akapitisha kiganja. Ulikuwa na chembechembe, mkavu, mkali kama ulimi wa ng'ombe.

"Mtu akilala juu yake?"

"Mtu?" fundi akauliza.

"Mtu. Kwa mfano mgonjwa. Gari linakwenda."

"Atachunika, mzee. Hii imetengenezwa ili mzigo usiteleze. Na ni nyembamba, chini ni bati lile lile."

Kibiriti akatema ganda. "Mzee Gia anahamia kwenye pikapu. Ile nyumba unamwachia nani, tujue mapema tupange foleni?"

"Nakuachia wewe na madeni yake."

"Basi kaa nayo." Kibiriti akashuka juu ya tairi, akapunguza sauti. "Sikia, mkubwa wangu. Bwana Afya anataka hii ya kupuliza. Hakuiandika kwenye tangazo, lakini ameisema kwa mdomo. Zulia linafunika uchafu, ndivyo alivyosema. Usije ukajitia hamnazo."

"Bwana Afya hajawahi kuinuka kwenye kile kiti tangu waliponunua. Anakagua magari kwa dirisha. Akiona cheusi nyuma, atatia saini."

"Na akiinuka?"

"Wale hawainuki, mdogo wangu. Ungekuwa umewahi kuwahitaji ungejua."

Nyumbani alimkuta binti yake amekaa mlangoni kwenye kiti kifupi, miguu imevimba, ameiweka kwenye beseni la maji. Mumewe alikuwa na kazi ya ulinzi mji wa mbali, na tangu msiba yeye alikuwa amekuja kukaa na baba yake. Mimba ilikuwa imeshamkaa juu, hata pumzi alikuwa akiivuta kwa mafungu. Kwa binti huyu tu ndipo Mzee Gia alipolegeza sauti.

"Umepuliza?" binti aliuliza.

"Nitatandika zulia la mpira. Lile nene."

"Baba, si Kibiriti alipita hapa akasema Bwana Afya anataka ya kupuliza?"

"Kibiriti anasema mengi. Angelipwa kwa maneno angekuwa waziri."

"Kwa nini usifanye vyote viwili?"

"Mfuko unabeba kimoja."

"Basi fanya hicho kinachotakiwa. Kazi ikipotea tutakula zulia?"

Mzee Gia akainama, akamwongezea maji ya moto kwenye beseni kutoka kwenye birika, kidogo kidogo, huku akichanganya kwa mkono asimuunguze. Angejibu nini? Kwamba kila akiliona lile tumbo anaiona barabara? Kwamba gari la wagonjwa bado limesimama nyuma ya zahanati halina tairi, na uchungu ukimshika huyu hakuna kitakachombeba ila bodi ile ile? Maneno hayo aliyameza. Aliona akiyatamka atakuwa ameyaita.

"Unakuwa mbishi siku hizi," binti akasema taratibu. "Mama alikuwa anakuwezaje?"

"Alikuwa haniwezi."

Kesho yake akanunua zulia. Alilipima mwenyewe, akalikata kwa kisu kikali kuzunguka matao ya magurudumu, akalilaza likakaa sawasawa, nene, jeusi, linanuka upya. Akalikanyaga kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu azike alihisi kuna kitu amekifanya ambacho kilitakiwa kufanywa. Alipoondoka asubuhi keni hazikupiga kelele. Mama mwenye duka hakusema uongo: zilikaa kimya kama watu walioko ibadani, na Mzee Gia akaanza hata kuinong'oneza gia mlimani, neno mojamoja, kama mtu anayejaribu sauti baada ya homa.

Lakini maziwa ni maziwa. Vifuniko vingine vilikuwa vimelegea, na kwenye mashimo makubwa yaliruka matone, yakashuka pembeni mwa keni, yakajipenyeza chini ya ukingo wa zulia. Juu alikuwa akilifuta kila jioni kwa kitambaa na sabuni mpaka linameta. Chini hakuangalia. Kulinyanyua zulia kulitaka watu wawili, naye binti hakuweza kuinama, na majirani hakutaka kuwaomba. Akajiambia atalinyanyua Jumapili. Jumapili akalala.

Siku ya ukaguzi madereva walipanga magari mbele ya kituo. Dirishani Bwana Afya alionekana amekaa kitini, kama Mzee Gia alivyosema, ana kikombe mkononi. Kibiriti aliitwa wa kwanza. Bwana Afya akachungulia, akatikisa kichwa kukubali, akatia saini. Wa pili vivyo hivyo. Mzee Gia alipofikiwa, alisogeza gari karibu kabisa na dirisha na kufungua mlango wa nyuma wa bodi ili weusi uonekane vizuri. Jua lilikuwa limeshapanda. Bodi ilikuwa imeota jua saa nzima.

Bwana Afya alikunja pua. Akaweka kikombe chini. Akainuka.

Alitoka nje, mtu mfupi mwenye viatu vilivyong'arishwa, akaja mpaka nyuma ya pikapu. "Mzee, nisaidie hapo kwenye kona," alisema, na sauti yake haikuwa na kiburi chochote, jambo ambalo Mzee Gia hakumsamehe. Wakashika kona, mmoja huku na mmoja kule, wakanyanyua.

Harufu iliwapiga wote. Kibiriti aliyekuwa mbali alirudi nyuma hatua mbili. Chini ya mpira palikuwa na uji mweupe uliogeuka manjano, umeganda kwenye mifereji ya bati, na ndani yake funza wadogo wakijinyonganyonga kwa kushtushwa na mwanga.

"Haya ndiyo nilikuwa nayasema," Bwana Afya alisema. "Maziwa ya gari hili wanakunywa watoto, mzee wangu."

"Watoto," alisema Mzee Gia. "Mmeanza lini kuwajali watoto?"

"Tafadhali."

"Nauliza tu. Mmeanza lini? Maana mama zao nimewabeba humu humu nyuma, na hakuna aliyekuja kunusa."

Madereva walimgeukia Mzee Gia. Wengine walikuwepo mazishini. Bwana Afya alitazama viatu vyake. Ni kweli hakuhusika na gari la wagonjwa. Alikuwa mtu wa maziwa. Na tena alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyomuuma Mzee Gia: miaka yote wakubwa wamemkosea, na siku alipomkuta mmoja usoni kwake, huyo mmoja alikuwa amesema kweli.

"Nipe muda nipulize," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini ambayo hata yeye hakuipenda.

"Njia yako haiwezi kulala, mzee. Maziwa yanaharibika kila siku. Nimempa huyu." Akamwonyesha Kibiriti, na Kibiriti akavua kofia yake ya sufi, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Aliporudi nyumbani na pikapu tupu mapema vile, binti hakuuliza. Alimsikiliza akisimulia ya kituoni mpaka mwisho. Halafu akasema, "Si nilikuambia, baba."

"Uliniambia."

"Ukang'ang'ania nini basi?"

Ndipo akamwambia. Alisema amesimama, akitazama ukuta, maneno yakitoka kama vitu vinavyoshushwa garini kimoja kimoja: mama yake, chuma, barabara, tairi la gari la wagonjwa, na huyo aliyeko tumboni. Zulia lilikuwa lake yeye. Lilinunuliwa ili siku yake ikifika asilale juu ya bati.

Binti aliweka mkono juu ya tumbo.

"Baba, mimi sitapanda hiyo pikapu."

"Zulia nitalisafisha. Nitaliosha mara..."

"Hata ukitandika hariri. Siwezi kulala pale alipokatia roho mama yangu, huku nasukuma mtoto. Tangu mwezi uliopita nimeshazungumza na mama mkwe. Kwake hospitali ni kuvuka barabara tu. Nilikuwa naogopa kukuambia. Nilijua utaona nakukimbia."

"Unanikimbia?"

"Naikimbia barabara. Nataka niivuke mchana, nimekaa kitini, sina uchungu." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ungeniuliza, baba. Ungeniuliza tu, ungepuliza hiyo bodi, na kazi ungekuwa nayo."

Aliondoka kwa basi dogo la asubuhi, kiti cha mbele, mto nyuma ya mgongo. Mzee Gia alimpakilia begi, akamwambia dereva aendeshe kama amebeba mayai. Dereva akasema, "Usiwe na wasiwasi, mzee," kwa sauti ile ya watu ambao hawajasikia. Basi likaondoka. Alisimama kituoni mpaka vumbi lilipotua, kisha akasimama tena kidogo, kwa kuwa hakuwa na mahali alipotakiwa.

Mchana Kibiriti alikuja kuchukua kamba za kufungia keni, mali ya kituo. Alizikuta zimeshakunjwa na kuwekwa mlangoni. Alizunguka zunguka uani, akalipiga teke jiwe, akashindwa kuondoka.

"Mkubwa wangu, mimi sikuiomba hiyo njia."

"Najua."

"Ukitaka tugawane, siku yako siku yangu..."

"Keti mbele," alisema Mzee Gia, akamtupia ufunguo wa pikapu. "Endesha."

"Twende wapi?"

"Mpaka lami."

Alifungua mlango wa nyuma wa bodi, akapanda kwa taabu, goti moja kisha la pili, akalala chali juu ya zulia. Lilikuwa limeshasafishwa pande zote mbili na kukaushwa juani. Kibiriti alisimama na ufunguo mkononi. Utani wote ulikuwa umemwishia.

"Mzee, shuka. Watu watatuona."

"Waone. Endesha kama mtu aliye na mgonjwa. Usiende polepole kwa ajili yangu."

Kibiriti akaendesha. Shimo la kwanza lilikuwa pale pale nje, kwenye mfereji, na Mzee Gia alilipokea kwa kisogo. La pili lilimpata nyonga. Alijaribu kuubana mwili, akaona ukiubana ndivyo unavyozidi kugongwa. Akaulegeza, meno yakagongana. Zulia lilikuwa nene, jipya, zuri, na chini yake chuma kilikuwa kinamtafuta mfupa kwa mfupa na kumpata. Mpira ulinyamazisha sauti tu. Maumivu uliyapitisha yote. Siku zile keni zilikuwa zimenyamaza. Kumbe nazo zilikuwa zinaumia vile vile. Mbingu ilikuwa ikirukaruka juu yake. Aliinua mkono kushika ukingo wa bodi, ukamponyoka, akaurudisha kifuani. Mtu asiye na ugonjwa wowote, mtu mzima mwenye nguvu zake, na kabla ya nusu ya njia alikuwa akiuma ulimi ili asipige kelele.

Zulia lingenunuliwa mwaka uliopita, yangenunuliwa hata mawili, moja juu ya jingine, ingekuwa hivi hivi.

Gari liliposimama kwenye lami, Kibiriti alikuja mbio kufungua nyuma. Alimkuta amelala vile vile, macho wazi, machozi yameshuka pembeni mpaka masikioni.

"Umeumia? Mzee Gia. Nikushike mkono ushuke."

Mzee Gia hakuupokea mkono. Kwenye lami magari yalikuwa yakipita kwa ulaini, yananguruma kidogo tu, kana kwamba hiyo nayo ni nchi nyingine.

"Geuza gari," alisema.

"Tayari tumefika. Kaa mbele basi, tukirudi."

"Geuza. Nirudishe hivi hivi, kama nilivyomrudisha mke wangu."

Kibiriti alisimama, mkono juu ya mlango wa bodi, akimtazama. Halafu akaufunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa, akarudi kwenye usukani.